Rakan wa Gramu Elfu na Arobaini

Rakan alizaliwa Jeddah mwezi wa Julai 2019, majuma kumi na manne kabla ya siku zake, akiwa na gramu mia saba na themanini. Aliyempokea kutoka chumba cha upasuaji alikuwa Rosebellah Naliaka, muuguzi wa kutoka Webuye aliyekuwa mwaka wa tatu wa mkataba wake katika wodi ya watoto njiti. Alimlaza kwenye inkubeta, akamvisha kofia ya pamba iliyomfunika hadi mdomoni, akaikunja mara mbili ndipo ikamkaa. Tangu siku ile zamu zake nyingi zikawa kando ya kitanda namba tisa.

Walielewana mapema. Rakan hakupenda mikono baridi. Mtu akifungua kidirisha cha inkubeta na kumgusa ghafla, mapigo ya moyo wake yaliporomoka na kengele zikalia wodi nzima. Rosebellah akajifunza kusugua viganja vyake kwanza, kisha kuweka kimoja juu ya utosi wa mtoto na kutulia kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Hapo unaweza kumgeuza, kumbadilisha nepi, hata kumtoa damu, naye asilete vurugu.

"Ana adabu zake," aliwaambia wenzake. "Ukimwamkia, anaitikia."

Shida yake ilikuwa ndani. Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo damu yake hupita njia ya mkato, mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni. Akishazaliwa na kuvuta hewa, mshipa ule hujifunga wenyewe kwa siku mbili tatu. Wa Rakan haukujifunga. Damu iliyotakiwa kwenda mwilini ikawa inarudi mapafuni, mapafu yakajaa maji, na moyo wenye ukubwa wa zabibu ukawa unafanya kazi ya mioyo miwili. Madaktari walijaribu dawa mara ya kwanza, wakajaribu mara ya pili. Mshipa ukabaki wazi. Kila walipopunguza nguvu ya mashine ya kupumulia, midomo yake ilibadilika rangi, wakairudisha palepale.

Alipotimiza wiki tano alikuwa na gramu elfu moja na arobaini, na nusu ya nyongeza hiyo Rosebellah aliijua kuwa ni maji tu. Daktari wa upasuaji alikuja, akamtazama, akasema kwa upole kwamba kumfungua mbavu mtoto wa hali ile ni jambo ambalo angependa kuliepuka. Kulikuwa na daktari Riyadh, Dokta Ruwaida, aliyekuwa akiziba mishipa ya namna hiyo bila kisu, kwa mrija unaopitishwa pajani. Akapigiwa simu. Akasema, mleteni.

"Nani anakwenda naye?" aliuliza daktari wa zamu.

"Rosebellah," akajibu mkuu wa wodi, bila kuinua macho kwenye ratiba. "Mwingine yeyote atamwangusha mapigo kabla ndege haijapaa."

Mama yake Rakan, Hanadi, mwalimu wa kemia, hakuweza kusafiri. Presha iliyosababisha ajifungue mapema ilikuwa imeshuka, lakini kidonda cha upasuaji kilipata uambukizo, akarudishwa kitandani ghorofa ya tatu ya hospitali ileile. Asubuhi ya safari walimteremsha kwa kiti cha magurudumu. Alimtazama mwanawe kupitia kioo kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Rosebellah.

"Wewe una watoto?"

"Ninaye mmoja, Umm Rakan. Yuko Webuye na mama yangu. Ana miaka sita."

"Basi huhitaji niseme lolote," Hanadi akasema, akamshika mkono na kuubana.

Ndege ya wagonjwa ilikuwa ndogo, na ndani walikuwa wanne tu nyuma: Rakan katika inkubeta yake, daktari kijana wa Kimisri aliyesimamia mashine, Rosebellah, na Mansur, baba wa mtoto. Mansur alikuwa fundi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Alikuwa mwanamume mnene, mkimya, na safari nzima alishika ukingo wa kiti chake kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiibeba ndege. Walipokuwa juu ya jangwa akauliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kama mtoto anasikia kelele za injini.

"Tumemziba masikio kwa pamba," Rosebellah akamwambia, akichanganya na Kiarabu chake cha wodini. "Mafi mushkila, hakuna shida, Abu Rakan. Amelala."

Mansur akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo, baba wa Rakan, bado. Nyumbani watu walikuwa wanaogopa kumwita kwa jina la mtoto ambaye hawakujua kama atabaki.

"Mimi nimeshakuita," akasema Rosebellah. "Yeye yupo, na jina lake lipo kwenye mkono wake. Nani amebaki kuogopa?"

Riyadh iliwapokea kwa joto la kukausha macho. Hospitalini, mlangoni pa chumba cha katheta, ile mirija ya kupitishwa mshipani, alisimama mwanamke mrefu mwenye vazi la rangi ya zambarau, akasoma kitambulisho kwenye kifua cha Rosebellah, akapiga makofi mara moja.

"Naliaka! Aki wameniletea mtu wa nyumbani. Mimi ni Awino, wa Siaya. Leta huyo bosi tumwone."

Awino alikuwa muuguzi wa chumba kile kwa mwaka wa nne. Aliinama juu ya inkubeta, akaangalia vidole vya Rakan, vyembamba kama njiti za kiberiti, na kelele zake zote zikakatika. "Karibu, baba," akamnong'oneza. "Kesho saa tatu tunakutengeneza."

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, Dokta Ruwaida alikaa na Mansur kwenye chumba kidogo, akamwomba Rosebellah awepo pia. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, aliyevaa miwani juu ya ushungi. Alichora moyo kwenye karatasi.

"Tunaingia hapa, kwenye mshipa wa paja, kwa mrija mwembamba. Tunapanda nao hadi moyoni, tunapita, tunaufikia huu mshipa uliobaki wazi. Tunaacha kizibo, nyaya laini zilizosukwa, kidogo kuliko punje ya pojo. Tunatoka. Pajani atabaki na kitundu cha kufunikwa na bandeji."

"Na hatari?" Mansur akauliza.

"Zipo. Mshipa unaweza kuchanika. Kizibo kinaweza kuteleza, au kikabana mshipa mwingine. Nimewafanyia watoto kumi na mmoja wenye uzito kama huu. Mmoja ilibidi tumkimbize kwa upasuaji. Yeye na wenzake wote wako kwao leo. Lakini siwezi kukuapia."

Alimwachia fomu, akatoka ili Mansur apate kufikiri. Mansur aliivuta ile karatasi karibu. Kisha akasema, "Sista, wewe umekaa naye kuliko mimi. Angekuwa wako?"

Rosebellah alijua muuguzi hapaswi kujibu swali la namna hiyo. Alijua pia kwamba mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa na ndugu wala mke karibu.

"Siwezi kukuamulia, Abu Rakan. Nitakuambia nilichokiona tu. Wiki ya pili mwanao alikuwa anapigana na mashine. Inamsukumia pumzi, yeye anataka kuvuta yake. Tulikuwa tunacheka, tunasema huyu mkaidi. Wiki hii hapigani tena. Nia anayo, ila amechoka. Anahitaji mtu ampunguzie mzigo."

Mansur akafuta uso kwa ncha ya shemagi, kitambaa chake cha kichwani. Akachukua kalamu, akasema bismillahi, akatia sahihi, kisha akamwomba Rosebellah amsomee tena jina la mtoto kwenye fomu ahakikishe limeandikwa sawa. Lilikuwa sawa.

Asubuhi iliyofuata Rosebellah alivaa aproni nzito ya risasi, ile ya kukinga mionzi ya eksirei, akaingia na mgonjwa wake. Chumba cha katheta huwekwa baridi kwa ajili ya mitambo. Awino alikuwa amezima kipoza hewa tangu alfajiri, ametandika godoro la joto mezani, na Rakan alifungwa kwenye nailoni kama andazi, limebaki wazi paja moja tu. Hata hivyo, walipomhamisha kutoka inkubeta hadi mezani, joto lake lilianza kushuka. Nyuzi thelathini na sita na nusu. Thelathini na sita. Thelathini na tano na pointi nane.

Dokta Ruwaida alikuwa ameshashika sindano. Mtaalamu wa dawa za usingizi aliangalia presha. Fundi wa mitambo aliangalia skrini zake. Rosebellah alikuwa mgeni mle ndani, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Daktari," akasema. "Naomba tusubiri."

Vichwa vyote vikageuka.

"Kwa nini?"

"Joto lake. Akifika thelathini na tano na nusu mapigo yatashuka, na yakishuka huwa hayarudi upesi. Namjua."

Fundi wa mitambo akaguna kwamba chumba kikizidi joto mashine itajizima. Dokta Ruwaida aliweka sindano chini. "Dakika kumi," akasema. "Sista, fanya unachofanyaga."

Rosebellah akasugua viganja vyake mpaka vikawaka. Kimoja akakiweka kwenye utosi wa Rakan, kingine akakiingiza chini ya nailoni, kikamfunika kifua kizima na tumbo. Awino akaleta mifuko miwili ya maji ya moto iliyozungushiwa vitambaa, akaibana pembeni. Watu wazima saba wakasimama kimya ndani ya aproni za risasi, jasho likiwatiririka, wakitazama namba ya kijani. Thelathini na sita. Thelathini na sita na pointi mbili. Na pointi sita.

"Yalla, tuanze," akasema Dokta Ruwaida. "Bismillahi."

Mrija uliingia kwa jaribio la pili. Kwenye skrini Rosebellah aliona kitu kama uzi mweusi kikipanda tumboni, kikiingia kwenye kivuli cha moyo kinachorukaruka, kikajikunja, kikavuka. Mapigo yalishuka hadi tisini. Yakapanda tena hadi mia na arobaini. Kizibo kikafunguka ndani ya mshipa kama chipukizi. Watu wakaanza kupumua.

"Bado," akasema daktari wa ultrasaundi aliyekuwa amebana kipimo chake kwenye kifua cha mtoto. "Kinabana mshipa wa pafu la kushoto. Naona damu inapita kwa shida."

Kizibo kilikuwa bado kimeshikwa na waya wake, hakijaachiwa. Dokta Ruwaida alikivuta taratibu kikarudi ndani ya mrija, akasubiri mtoto apumzike, akaanza upya. Safari hii alikisogeza milimita mbili tu. Milimita mbili, Rosebellah aliwaza.

"Sasa?"

"Sasa kushoto kunapita vizuri. Mshipa mkuu unapita vizuri." Daktari wa ultrasaundi akasogeza kipimo, akatafuta ile rangi nyekundu iliyokuwa ikiwaka pale tangu mtoto azaliwe, mkondo wa damu uliopotea njia. Akatafuta tena. "Haipo. Imekwisha kabisa."

Dokta Ruwaida akauzungusha waya, ukaachia. Rosebellah aliangalia kipimo cha presha. Namba ya chini, ambayo kwa wiki tano haikuwahi kuzidi kumi na sita, ilikuwa inapanda mbele ya macho yao: ishirini, ishirini na tatu, ishirini na saba.

"Halas, tumemaliza," akasema daktari, akavua miwani yake iliyojaa mvuke. "Sasa washeni kipoza hewa jamani kabla hamjaniua."

Chumba kizima kikacheka. Hata yule fundi wa mitambo alicheka, akamletea Rosebellah kiti.

Mansur alipoambiwa, alikuwa amesimama kwenye korido kati ya mashine ya kahawa na lifti. Alisujudu palepale sakafuni. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na fimbo alisimama, akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akainua mikono kumshukuru Mungu pamoja na mtu asiyemfahamu. Kisha Mansur akampigia Hanadi simu. Akamkabidhi Rosebellah simu.

"Umm Rakan, mshipa umezibwa," akasema Rosebellah. "Umezibwa kabisa. Presha yake ni nzuri kuliko yangu."

Upande wa pili alisikia kilio, kisha vigelegele, vikapokelewa na wauguzi wa ghorofa ya tatu kule Jeddah.

Rosebellah aliruhusiwa kubaki hadi arudi na mgonjwa wake. Alilala kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa Awino, na Ijumaa Awino akaita watu wachache kula. Binamu yake, Dancan, dereva wa lori la bohari moja huko Al-Sulay, alikuja na mfuko wa unga wa mahindi aliousaka wiki nzima. Awino alikuwa amepata samaki mzima, akampika kwa nyanya na nazi kidogo. Sukuma wiki waliyoikosa waliibadilisha kwa spinachi, wakakubaliana kutolizungumzia jambo hilo.

"Mtu wa Webuye," Awino akasema huku akisonga ugali, "hebu waambie ulivyomsimamisha Dokta Ruwaida."

"Sikumsimamisha. Niliomba."

"Aliomba! Dancan, huyu mtu alisema 'tusubiri' kwa sauti ya mwalimu mkuu. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Na unajua daktari alisema nini baadaye? Alisema mtoto mwingine wa Jeddah akija, aje na nesi yule."

Rosebellah aliinamia sahani yake, lakini alicheka. Alikuwa amefika Saudia na hofu ya kukosea iliyomfanya, mwaka wote wa kwanza, aseme "ndiyo, daktari" hata asipoulizwa kitu. Hakujua hofu ile ilimtoka lini. Alipiga simu Webuye siku hiyohiyo, akamsimulia mama yake kila kitu, na mwanawe akauliza kama mtoto mwenye kizibo atalia kama chupa akitikiswa.

Mashine ya kupumulia ilipunguzwa kidogo kidogo. Jumapili Rakan alianza tena kupigana nayo. Rosebellah aliposikia kengele ya mashine, ile inayomaanisha mtoto anavuta pumzi zake kabla ya zamu, alitaka kuruka. Jumanne asubuhi walimtoa mrija kooni. Mansur alisimama miguuni pa inkubeta, ameshika simu, na kwenye simu alikuwepo Hanadi, amekaa kitandani.

Mrija ulitoka. Rakan alikunja uso. Akafungua mdomo, na kwa sekunde moja hakukutoka kitu. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango wa kabati ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ikakatika. Ikarudi kwa nguvu zaidi, na hasira ndani yake.

"Nani huyo?" Hanadi akauliza. "Mansur, hiyo ni sauti ya nani?"

Hapo ndipo Rosebellah alipotambua kwamba mama huyu alikuwa hajawahi kusikia sauti ya mwanawe. Rakan alizaliwa akiwa hana pumzi, akawekewa mrija papo hapo. Siku zote zile alikuwa akifumba macho na kupanua mdomo bila sauti.

"Ni yeye, Hanadi," Mansur akasema. "Ni mwanao anatugombeza."

"Msimnyamazishe," akasema Hanadi, akilia na kucheka kwa pamoja. "Tafadhali, msimnyamazishe kwanza. Muacheni kidogo."

Wakamwacha. Wauguzi wa Riyadh walisimama kuzunguka inkubeta wakimsikiliza kama watu wanaosikiliza hotuba. Mpaka Rosebellah akasema imetosha, atachoka, akasugua viganja vyake na kukiweka kimoja juu ya utosi.

Walirudi Jeddah siku mbili baadaye. Hanadi alikuwa ameshatolewa kitandani, anatembea kwa kujishikilia ukuta. Rosebellah alimkalisha kwenye kiti cha kuegemea, akafungua vifungo vya gauni lake, akamlaza Rakan kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwafunika kwa blanketi moja. Mtoto alihangaika kidogo, akatafuta, akatulia. Oksijeni yake ikapanda kuliko ilivyowahi kupanda ndani ya inkubeta.

"Mzito," Hanadi akanong'ona, akashangaa mwenyewe. "Ni mzito, wallahi."

Alikaa hivyo kwa saa tatu. Chai ilipoa mara mbili.

Rakan aliruhusiwa kwenda nyumbani katikati ya Oktoba, bila oksijeni, akinyonya kwa pupa. Jamaa walikuja na gari tatu, na bibi yake akagawa tende na peremende wodi nzima, mpaka kwa mlinzi wa mlangoni. Rosebellah alikuwa zamu ya mchana, akawasindikiza hadi kwenye lifti, akarudi kumpokea pacha wa kwanza kati ya wawili waliokuwa wanaletwa kutoka chumba cha upasuaji.

Jioni Hanadi alimpigia simu. Alikuwa anacheka kiasi cha kushindwa kusema. Mansur, aliyesifika ukoo mzima kwa kukimbiza gari, alikuwa ameendesha barabara yote ya pwani kwa mwendo wa mtu anayesindikiza bibi harusi kwa miguu, taa za tahadhari zikiwaka. Magari yalimpigia honi. Pikipiki ya piza ikampita. Askari wa barabarani akawasimamisha, akainama dirishani kuuliza kama gari limeharibika.

"Mansur akamwambia nini?" Rosebellah akauliza.

"Hakumwambia kitu. Alimwonyesha kiti cha nyuma. Askari akamtazama Rakan, akasema mashaallah, akatangulia mbele yetu na king'ora mpaka nyumbani, kwa mwendo uleule."

Safari ile huwachukua watu dakika kumi na tano. Wao walitumia saa nzima, na Rakan alilia njia nzima, kwa sauti kubwa.